Mtumbwi, Mzigo na Baiskeli: Mazungumzo juu ya Hesabu za Mwendo, Kazi na Nishati

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wanafunzi wengi huliogopa kuliko fimbo, nalo ni hesabu za maneno katika somo la fizikia, yaani zile hesabu za mwendo, za kazi na za nishati. Baba na mama ambao hamkusoma fizikia, nawasihi msiondoke barazani. Mtaona punde kwamba mambo yenyewe mwayajua sana, na pengine mwayajua kuliko watoto wenu wenye vitabu.

Kazi yangu ni kuwafundisha wale watakaokuwa walimu, na katika miaka hii nimeona jambo moja likirudi tena na tena. Mwanafunzi akiambiwa agawe 12 kwa 4, hujibu kabla chaki haijatua. Lakini mpe habari ya mtu aliyepanda mtumbwi, akaenda mahali fulani na kurudi, utamwona amekodoa macho. Kisha huanza kuokota tarakimu zilizomo katika habari, kama kuku aokotavyo mtama penye majani. Huzijumlisha, akiona jibu halipendezi, huzizidisha, akiona limekuwa kubwa mno, huzigawa. Kosa lake si la hesabu. Hesabu anaijua. Kosa lake ni kwamba hakuiona habari yenyewe. Hakumwona mtu, wala mtumbwi, wala maji. Ameona tarakimu tu.

Basi tuanze na mtumbwi.

Mnajua nyote kwamba ukivuka Matema na kufuata pwani ya Ziwa Nyasa upande wa kusini mashariki, milima ya Livingstone inashuka mpaka majini. Huko ndiko wakaako Wakisi, mafundi wa kufinyanga vyungu, na vyungu vyao huletwa kwa mitumbwi mpaka gulio la Jumamosi la Lyulilo, karibu na Matema. Sasa sikilizeni hesabu yangu.

Mama mmoja wa Kikisi aliondoka kijijini kwake saa 4 asubuhi, na mtumbwi umejaa vyungu. Mpaka gulioni ni kilomita 6. Upepo wa kusi ulimsukuma mgongoni, akaenda kwa kasi ya kilomita 6 kwa saa. Gulioni alikaa saa 5. Wakati wa kurudi upepo ulikuwa ule ule, bali sasa ulimpiga usoni, akaenda kwa kasi ya kilomita 2 kwa saa. Je, alifika kwake saa ngapi?

Nimeitoa hesabu hii kwa vijana wengi, na wengi wamenijibu hivi: kasi ya kwenda ni 6, kasi ya kurudi ni 2, jumla ni 8, nusu yake ni 4, basi kasi ya wastani ni kilomita 4 kwa saa. Safari yote ni kilomita 12, kwa hiyo njiani alitumia saa 3. Ongeza saa 5 za gulioni, zimekuwa 8. Aliondoka saa 4 asubuhi, basi amefika saa 12 jioni. Jibu zuri! Saa 12 jioni jua bado halijazama, watoto wanamwona mama yao kwa mbali, wanashuka ufukoni kumpokea.

Lakini mama hakufika saa 12. Tumfuate pole pole. Aliondoka saa 4. Kilomita 6 kwa kasi ya kilomita 6 kwa saa ni saa 1, akafika gulioni saa 5. Akakaa saa 5, ikawa saa 10 jioni. Akaanza kurudi, kilomita 6 kwa kasi ya kilomita 2 kwa saa ni saa 3. Amefika kwake saa 1 usiku. Jua limekwisha kuzama, giza limeingia, mawimbi hayaonekani mpaka yamekupiga. Tofauti ya jibu la kosa na jibu la kweli ni saa moja, na saa hiyo moja ni saa ya giza majini.

Kosa limeingia wapi? Kijana alidhani kwamba kasi mbili zina haki sawa. Hazina. Mama alikwenda upesi kwa saa 1 tu, lakini alikwenda pole pole kwa saa 3. Andikeni kasi ya kila saa moja moja: 6, kisha 2, na 2, na 2. Jumla ni 12. Gawa kwa saa 4. Wastani ni kilomita 3 kwa saa, wala si 4. Wastani wa mwendo hupatikana kwa kugawa njia yote kwa muda wote, basi. Mwendo wa pole pole hula muda mwingi, na kwa sababu hiyo huuvuta wastani chini.

Mzee mmoja mvuvi aliponisikia nikieleza jambo hili aliniambia, «Mwalimu, upepo huchukua kuliko utoavyo.» Nikastaajabu, maana ndivyo hesabu isemavyo. Pasingekuwa na upepo, tuseme mama angekwenda kwa kasi ya kilomita 4 kwa saa kwenda na kurudi: saa 1 na nusu kwenda, saa 1 na nusu kurudi. Upepo ulipomsaidia alipata faida ya nusu saa tu. Ulipompinga alipata hasara ya saa 1 na nusu. Wanaosema kwamba faida na hasara ya upepo zinafutana hawajapiga hesabu, au hawajapiga kafi.

Nisidhaniwe kwamba natia chumvi habari ya ziwa hili. Mwezi wa Julai 1946 meli iitwayo Vipya, ambayo ilikuwa mpya, ilizama upande wa magharibi wa ziwa katika dhoruba, na watu 145 wakafa. Hiyo ilikuwa meli ya chuma. Mtumbwi ni mti mmoja uliochongwa.

Kabla sijaacha habari ya mwendo, nataka kusema kidogo juu ya vipimo, kwa sababu huko nako watu huanguka. Kilomita kwa saa na mita kwa sekunde ni vipimo viwili mbalimbali vya jambo moja, na huwezi kuvichanganya, kama usivyoweza kujumlisha debe za mpunga na mikungu ya ndizi. Kilomita 36 kwa saa ni mita 36,000 katika sekunde 3,600, yaani mita 10 kwa sekunde. Likumbukeni hilo, tutalitumia baadaye.

Mfano wa vipimo tunao juu ya vichwa vyetu. Nchi ya Kyela haina uchache wa mvua, wala wa radi. Mwanga wa radi hutufikia papo hapo, lakini sauti yake husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Ukiuona mwako, ukahesabu sekunde 6 ndipo ngurumo ikasikika, radi ilipiga umbali wa mita 2,040, yaani kilomita 2 na kitu. Kwa ufupi, gawa sekunde kwa 3, utapata kilomita. Lakini asije mtu akakaa shambani mwa mpunga, miguu majini, akihesabu kwa raha! Sekunde 30 ni kilomita 10, na wataalamu wa hali ya hewa wanatuambia kwamba hata umbali huo radi inayofuata yaweza kukufikia. Hesabu ukiwa ndani ya nyumba.

Sasa nije kwenye kazi. Neno hili limewaletea wanafunzi wangu taabu nyingi, kwa sababu ni neno la kila siku ambalo fizikia imelichukua na kulipunguza maana. Katika fizikia, kazi hufanyika pale tu nguvu inaposogeza kitu kufuata upande wa nguvu ile. Nguvu, ambayo vitabu vya shule huiita kani, hupimwa kwa nyutoni, kwa heshima ya Mwingereza Isaac Newton. Embe dogo la gramu 100 huuelemea mkono kwa nguvu ya nyutoni 1 hivi. Kwa hiyo kilo 1 ni kama nyutoni 10. Ukiliinua embe hilo mita 1, umefanya kazi ya jouli 1. Zidisha nguvu kwa umbali, umepata kazi. Kanuni yote ndiyo hiyo.

Kijana mmoja alijifunza hayo, akaenda nyumbani likizo. Mama yake akarudi mtoni na mtungi wa maji kichwani, njia tambarare ya kilomita 2. Kijana akamwambia, «Mama, kwa elimu ya fizikia, mtungi ule hukuufanyia kazi yo yote, kwa sababu nguvu yako ilielekea juu na wewe ulikwenda mbele.» Mama hakujibu. Usiku chakula kikaja, kijana akaona sahani yake tupu. Mama akasema, «Kama mimi sikufanya kazi, na maji hayakuja; na kama maji hayakuja, ndizi hazikupikwa.»

Mimi naona mama alikuwa na haki, na kijana alikuwa na nusu ya elimu. Ni kweli kwamba mtungi, ukiupima mwanzo wa njia tambarare na mwisho wake, haukupanda hata kidogo. Lakini mwili wa binadamu si meza. Meza yaweza kubeba mtungi mwaka mzima bila kula. Misuli ya shingo na mgongo hukazwa na kulegezwa bila kukoma, na kila hatua mwili hupanda kidogo na kushuka, na yote hayo hula nishati na kutoa joto. Kwa hiyo mwalimu aulizapo juu ya kazi, mwanafunzi na aulize kwanza: kazi ya nani, juu ya kitu gani? Akijibu swali hilo, amekwisha kuivuka nusu ya hesabu.

Nimetaja nishati. Nishati ni uwezo wa kufanya kazi, nayo hupimwa kwa jouli vile vile. Jina hilo latokana na James Joule, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1818 na kufa mwaka 1889. Baba yake alikuwa mwenye kiwanda cha pombe, na yeye mwenyewe alisaidia kukiendesha. Huyu Joule alifunga mizigo kwa kamba, akaiacha ishuke, na katika kushuka ikazungusha makafi madogo ndani ya chombo cha maji. Akapima joto la maji, akaona limeongezeka. Basi kazi iliyofanywa na mzigo haikupotea. Iligeuka kuwa joto. Hesabu ya siku hizi yasema kwamba kuitia kilo 1 ya maji joto la digrii 1 kunahitaji jouli 4,200 hivi. Ni kama kuiangusha kilo ile ile kutoka kimo cha mita 420! Mtu asishangae, basi, kwamba kuni za kuchemshia maji ni nyingi.

Tutumie elimu hiyo katika safari ya kupanda. Kutoka Kyela mpaka Tukuyu nchi inapanda karibu mita 1,000. Mtu wa kilo 60 amejitwika mchele wa kilo 40, akapanda kwa miguu. Amefanya kazi kiasi gani kushinda uzito?

Wanafunzi wengi huandika hivi: kilo 40 ni nyutoni 400, zidisha kwa mita 1,000, jibu jouli 400,000. Nami huwauliza, «Je, yule mtu mwenyewe amebaki Kyela?» Darasa hucheka, lakini waliocheka ndio hao hao walioandika. Mchele haukupanda peke yake. Kilichopanda ni kilo 40 na kilo 60, jumla kilo 100, nazo ni nyutoni 1,000. Kazi ni jouli 1,000,000. Hesabu haikuwaambia «jumlisheni mwili wake», lakini aliyemwona mtu akipanda hawezi kumsahau.

Hapa pana jambo la ajabu kidogo. Kilo moja ya mchele ina nishati ya jouli 15,000,000 hivi. Kwa hiyo hizo jouli milioni moja zimo katika gramu 67 za mchele, ambazo hazizidi konzi mbili ndogo. Mtu atasema mwalimu ameota. La, sikuota. Mwili wa binadamu hugeuza karibu robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi. Iliyobaki hutoka kama joto, ndiyo maana twatokwa jasho. Basi zidisheni kwa 4: gramu 270 hivi. Na hata hizo hazitoshi, kwa sababu njia ya Tukuyu haipandi moja kwa moja; hushuka mabondeni na kupanda tena, na kila bonde hutoza ushuru wake.

Wapakiaji wa magunia hapo Kyela wana fizikia yao. Gunia la kilo 100 kuliinua mita 1 mpaka garini ni kazi ya jouli 1,000, kwa nguvu ya nyutoni 1,000. Wakiweka ubao wa mita 4 na kuliviringisha juu yake, nguvu ni nyutoni 250 tu, kama tukiuacha msuguano. Lakini sasa wanasukuma mita 4, na 250 mara 4 ni 1,000 ile ile. Ubao hupunguza nguvu, haupunguzi kazi.

Jambo langu la mwisho ni la kushuka, maana apandaye Tukuyu hurudi. Baiskeli pamoja na mpandaji wake zina uzito wa kilo 100. Imekwisha shuka mlima, sasa iko tambarare, kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde. Breki zake huvuta nyuma kwa nguvu ya nyutoni 250. Itasimama baada ya mita ngapi? Na kama kasi ni mita 10 kwa sekunde, je?

Nishati ya mwendo ni nusu ya uzito kwa kilo, mara kasi, mara kasi tena. Mara ya kwanza: nusu ya 100 ni 50, 50 mara 5 mara 5 ni jouli 1,250. Breki lazima zifanye kazi hiyo yote. 1,250 gawa kwa 250 ni mita 5. Mara ya pili kijana mwenye haraka husema, «Kasi imekuwa maradufu, basi mita 10.» Tazameni: 50 mara 10 mara 10 ni jouli 5,000, gawa kwa 250 ni mita 20. Kasi mara mbili, umbali mara nne. Na kwa kasi ya mita 15 ni mita 45. Mtoto akivuka barabara mita 15 mbele ya baiskeli hiyo, yule wa kasi ya 5 atasimama na kumwamkia; yule wa kasi ya 10 atampita au atamgonga. Wapanda pikipiki wana kilo zaidi na kasi zaidi, nao wahesabu wenyewe.

Kama tarakimu hizi hazimwingii mtu moyoni, nina njia nyingine ya kuzionyesha. Embe likianguka kutoka kimo cha mita 5, hufika chini kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde. Ndizo zile kilomita 36 kwa saa nilizowaambia mzikumbuke. Kwa hiyo mtu agongaye mti kwa kasi hiyo ni sawasawa na aliyeanguka kutoka tawi la mwembe la mita 5. Kwa kilomita 72 kwa saa si tawi la mita 10. Ni mita 20, na mwembe wa kimo hicho si mwingi kwetu.

Muda wangu unakwisha. Wanafunzi wanaosikiliza, naomba mrudi kwa yule mama wa vyungu. Upepo ni ule ule, njia ni ile ile. Gulioni bado vyungu vinne havijauzwa, na mnunuzi mmoja amesema atarudi saa 10. Mama anataka kufika kwake saa 12 jioni, kabla ya giza. Aondoke gulioni saa ngapi, na je, amngoje mnunuzi yule? Chora njia kwanza, andika saa kandokando yake, kisha ndipo ushike kalamu ya hesabu. Kwaherini.